Kuonja Chumvi Mpaka Sufuria Ikakauka

Baba watoto, na nyie wawili,

Ukwaju nimeuloweka kwenye bakuli la bluu. Ukamueni, mchuje kokwa. Pilipili manga, bizari nyembamba na vitunguu saumu vipondwe kwenye kinu, si blenda! Chemsheni pamoja na nyanya. Mwisho kaangeni mbegu za haradali kwa mafuta, zikianza kurukaruka mwageni juu.

Ndiyo, ni ile rasam, supu ya mafua, aliyonifundisha jirani yetu Mhindi. Mafua YANGU. Asubuhi nimeipika pua imeziba, sisikii ladha, nikawaomba mnionjee chumvi. Wa kwanza akasema, “Mama, bado kidogo.” Wa pili akarudi na kikombe. Baba mtu akaja na mkate! Kumbe nimemkabidhi fisi bucha. Natoka kuoga, sufuria imelambwa, na humu ndani mgonjwa ni mimi peke yangu.

~~Leo nalala kwa dada yangu.~~ Narudi saa kumi na moja. Niikute ya moto.

Chumvi mniachie. Nitaonja mwenyewe, hata kama sisikii kitu.

Mama yenu, mwenye mafua