Muhuri wa Buluu kwa Ng'ombe Aliyefia Njiani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana kama Mzee Muhuri
Umri: miaka 82
Kazi: mkaguzi wa nyama, mstaafu
Makazi: kwa binti yake, nyuma ya machinjio ya zamani

Nimeficha kwa miaka thelathini kwamba niliidanganya mahakama, na mwenye bucha akafungwa kwa kosa langu. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Ndiyo maana nimekuja, ingawa kwa kushikwa mkono.

Mnamo tarehe 9 Juni mwaka ule, asubuhi, lori la dalali lilifika machinjioni. Dalali huyo alikuwa kaka wa mke wangu. Ng'ombe mmoja hakuinuka.

"Shemeji, amelala tu, safari imemchosha," aliniambia.

"Kalala fofofo," mchinjaji akadakia. "Mimi mzoga sichinji."

Dalali alimchinja mwenyewe, akaniletea nyama bila maini wala mapafu. Kanuni ilinitaka nivipasue viungo hivyo kabla ya kugonga muhuri. Akaninong'oneza, "Usiniaibishe mbele ya watu." Niligonga.

Mwenye bucha alipokuja kuchukua mzigo alicheka: "Bwana Muhuri, leo unagonga kama karani anayewahi chakula!" Hakuuliza zaidi. Nimelifikiria sana hilo. Mfugaji humwachia dalali, dalali humwachia mchinjaji, na mwenye bucha hupokea nyama iliyokwisha kutenganishwa na kila kitu ambacho kingemwonyesha ugonjwa. Yeye hutazama wino wa buluu tu. Wino huo ulikuwa mimi.

Wateja wake waliugua, na mama mmoja akafariki. Mahakamani niliapa kwamba nyama ilitoka kwetu ikiwa safi. Nikaongeza kuwa kama iliharibika, iliharibikia dukani kwake. Alifungwa miaka minne. Bado yu hai. Juzi binti yake alinyimwa leseni ya bucha kwa sababu ya jina la baba yake. Naomba jina hilo lisafishwe nikiwa bado naweza kuulizwa maswali.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, na akili zangu ni timamu.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba)

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Nikamuuliza iwapo siku ile alijua kuwa nyama ni mbaya, au alizembea tu. Aliomba maji, kisha akataka niongeze maneno haya:

"Mchana ule mke wangu alichukua kikapu aende bucha. Nilimwambia, 'Mama watoto, leo tule maharage.'"