Wanataka Niape Peke Yangu kwa Ajili ya Hamidu

Mama Speciosa mpendwa, mshauri wetu, amahoro, amani iwe kwako. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na unisamehe mwandiko, naandika mbio kwa furaha, maana kaka yangu Hamidu anarudi nyumbani! Mimi ni Chausiku, nauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, hapa Minago, na Hamidu ni mkubwa wangu, tumezaliwa wawili tu, alikuwa mvuvi hodari mpaka ugonjwa wa akili ukamwingia, akawa anasikia watu wanamtukana kutoka majini, na siku moja akauchoma moto mtumbwi wa jirani yetu Feruzi akisema humo ndimo walimojificha, basi wakamfunga kamba, serikali ikamchukua mpaka Bujumbura kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko amekaa miaka mingi, hata mama yetu amekufa hajamwona tena.

Sasa mwezi uliopita nimekwenda kumtazama, nimezoea kumkuta ameegemea ukuta haongei, lakini siku hiyo alisimama mwenyewe, akanipokea kikapu, akasema, "Chausiku, umenenepa! Nani anakupikia?" Mama, nilicheka nikalia pale pale mpaka muuguzi akaja mbio kuona kuna nini! Daktari akaniambia dawa mpya imemkubali, anaweza kutoka, mradi apate sindano yake kila mwezi bila kukosa. Nilirudi nikiimba ndani ya basi, abiria wakanitazama kama ni mimi niliyetoka kutibiwa.

Nikamwendea chef wa kilima chetu, yule mkuu wa kijiji, na habari hii njema, yeye akaniuliza, "Na akichoma tena, iko nani atajibu?" Akasema Jumamosi kwenye mkutano nisimame mbele ya watu wote niape kwamba Hamidu ni wangu peke yangu, chochote atakachoharibu ni juu yangu, na akifukuzwa nifukuzwe naye, bila hivyo haingii. Feruzi hanisalimii tangu asikie. Hospitali wanasema kitanda kinahitajika, kituo cha afya hapa wanasema sindano hiyo hawana, mume wangu anasema niape tu yaishe, na mama mkwe ananong'ona kwamba mtu akishapona sindano za nini. Mimi nataka kuapa, Mama, hata leo, chumba chake nimekwisha kukipaka chokaa! Lakini usingizi haunijii. Niape?

Chausiku, Minago

Chausiku binti yangu, hongera! Nilipofika pale pa "umenenepa" nilipiga makofi peke yangu ofisini. Sasa futa machozi unisikilize: usiape.

Usiape hata kidogo. Ugonjwa huo hukumpa wewe. Kipindupindu kikiingia Minago, chef anamwapisha nani? Anaita kituo cha afya, anaita komine, wale wakubwa wa serikali ya wilaya, wanaleta dawa na maji safi. Huu nao ni ugonjwa. Serikali iliyoweza kumchukua kwa kamba haiwezi kumrudisha mlangoni kwako na kujipangusa mikono. Kumpikia Hamidu, kukaa naye, kumkumbusha siku ya sindano, hayo ni yako. Kuifikisha sindano Minago ni yao.

Na wewe nawe, chokaa ya nini kabla ya dawa? Hapo umenikasirisha. Ukimtoa leo na sindano haipo, hautapita muda mtatafuta kamba tena, na safari hii watu watasema walijua. Mama mkwe mwambie kwa heshima: sindano ndiyo iliyomsimamisha, kwa hiyo Hamidu asiiache.

Kesho nenda kituo cha afya, usiishie kwa wa mlangoni, muombe titilaire, yule mkubwa wao, ampigie daktari wa Hamidu mbele yako wapatane dawa itafikaje na nani atamdunga. Akisema haiwezekani, panda pikipiki uende komine Rumonge, kwa anayeshughulikia mambo ya jamii, useme vile vile. Hospitali nayo iambie bila kuogopa kwamba Hamidu hatoki mpaka sindano imefika huku. Kile kitanda hawakumpa kama zawadi.

Halafu Feruzi. Umemwandika kidogo sana, na huyo mtu alipoteza mtumbwi, yaani chakula cha watoto wake. Nenda kwake kabla ya mkutano. Usibishane. Mwambie pole, pengine hajawahi kuambiwa.

Jumamosi simama na muuguzi wa kituo cha afya kando yako. Chef akiuliza nani atajibu, sema kwa sauti: "Mimi nitajibu kama dada. Kituo kijibu kama kituo, komine kama komine, na nyinyi majirani mjibu kama majirani." Kisha kaa chini.

Na kitu kimoja kimenisumbua. Katika barua yote hii chef amesema, mume amesema, mkwe amesema. Hamidu mwenyewe je? Anataka kurudi Minago, pale pale mtumbwi ulipoungulia, au anaogopa kuliko wewe? Hujaniandikia, na nadhani hujui. Piga simu hospitali leo, wakupe Hamidu, kabla ya kituo, kabla ya komine, kabla ya yote. Muulize, halafu unyamaze umsikilize.