Vigae Juu ya Ukuta Wako

Bruda Ernesto,

Uniwie radhi kwa kimya changu. Tangu nilipopata habari kwamba umezikwa kwenu Italia, sijakuandikia hata mstari mmoja, ilhali wewe ndiwe uliyenifundisha kuchanganya chokaa. Leo naandika kwa sababu nimekuaibisha.

Ninaishi Burnsville, huku ughaibuni, kwa binti yangu Kendi, ambaye ni muuguzi. Sisi tuliotoka parokia yetu ya Meru tuna kikundi hapa, nami ni mlezi wake. Parokia imetuomba tuchangie ukarabati wa kanisa. Wanataka ukuta wa nyuma ya altare uwekwe vigae vyeupe, vinavyong'aa, rahisi kupangusa. Ndio ukuta wako, ule uliouchora Karamu ya Mwisho. Nawe unajua kwamba kigae hakishiki juu ya ukuta laini. Fundi ataugongagonga kwa patasi kwanza. Hakutabaki kitu cha kufunua baadaye.

Tulikutana kwa Mwenda, mwenyekiti wetu, kule Eden Prairie. Picha yako ilioneshwa kwenye televisheni yake. Kijana mmoja akauliza, "Kwani Mzungu pekee hapo mezani ni Yuda? Huyo mchoraji alikuwa na ujasiri!" Mama Kithinji naye akadakia, "Na huyo kijana mzuri kando ya Yesu si ni Mwalimu wetu? Mwalimu, kumbe ulikuwa na nywele!" Wakaangua kicheko. Kisha Mwenda akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulifanya kazi na huyu Bruda. Tuweke vigae au tusiweke?"

Majibu nilikuwa nayo. Ningewaeleza kwamba hakuna aliyekubali kuwa Yuda. Katekista alikataa, mwashi alikataa, hata mlevi wa sokoni alikataa, nawe ukachukua kioo cha kunyolea ukajichora mwenyewe. Ningewaeleza kwamba kazi hii uliirithi kwa baba yako, mkichora kuta za makanisa madogo ya milimani. Kwetu ulichora makanisa matatu. La kwanza liliporomoka kwa mvua, la pili likabomolewa ili lijengwe kubwa zaidi, na hili ndilo lililobaki. Kila asubuhi tulipaka plasta mbichi, sehemu ile tu uliyoweza kuichora kabla haijakauka. Iliyosalia jioni uliikwangua bila huruma. Siku ya kuchora uso wangu nililalamika njaa, ukanifokea, "Hapana kula! Chokaa nakauka!"

"Inakauka, Bruda," nikakusahihisha.

"Ndiyo, nakauka," ukajibu, brashi ikiwa bado ukutani.

Chokaa hiyo ndiyo iliyokula macho yako. Ulirudi kwenu ukiongozwa kwa mkono.

Sikusema hata neno moja la hayo. Niliogopa wataniambia ninatetea sura yangu mwenyewe. Nikasema, "Mimi nitafuata wengi." Mimi, Bruda! Mimi niliyewasimamisha wanafunzi mbele ya darasa kwa kunung'unika badala ya kujibu. Wakanishukuru kwa hekima yangu, chai ikaletwa, nikainywa.

Garini Kendi aliniuliza, "Baba, kwani hiyo picha hukuipenda?" Nikamwambia aendeshe polepole, barabara ina theluji.

Jibu halijatumwa Meru. Tunakutana tena Jumapili baada ya misa, na nimemwomba Mwenda nizungumze wa kwanza. Alishangaa. "Mwalimu, si ulishasema utafuata wengi?" Nikamwambia nilisema vibaya. Kulitamka hilo kulinichoma kuliko nilivyotarajia.

Nitawaeleza yote. Wakisema ninatetea sura yangu, nitawaambia uso wangu waugonge kwa patasi, huo tu, na waliobaki mezani wawaache, pamoja na Yuda.

Pumzika kwa amani, Bruda wangu. Sijui kama watanisikiliza. Uamuzi ukishatolewa nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata ukiwa wa kuibomoa kazi ya mkono wako.

Mwanafunzi wako,
Mwalimu Mutuma