Sahihi ya Seneta Tackett

Washington,
Machi 9, 1966

Kwa kaka yangu mpendwa Delbert,

Pokea salamu zangu, nikitumaini kwamba kikohozi kimekupa nafasi ya kupumzika, na kwamba wifi Opal na watoto hawajambo. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaowaka.

Juzi muswada wa kuwafidia wachimbaji waliojaa vumbi la makaa mapafuni uliangushwa kwenye kamati kwa kura moja. Kura hiyo ni ya Royce Tackett. Ndiyo, Royce wetu, wakili aliyekuwa akila maharage jikoni kwa mama, aliyesimama mbele ya jaji akainua picha ya mapafu ya baba hadi wenye mgodi wakainamisha vichwa. Kwa kesi ile tulimpeleka Seneti, nami nikamfuata huku kuwa katibu wake.

Niliingia ofisini mwake bila kubisha hodi, nikamuuliza atawatazamaje wajane wa kwetu Harmon Fork. Akatabasamu, akaniambia, "Verna, wakili humtetea aliyemwajiri. Siku hizi nina waajiri wengine." Nikamwambia waliomwajiri ni sisi, kwa kura zetu. Akasema niache hasira za kwetu milimani, nijibu barua kama kawaida.

Hapo ndipo panaponiuma, kaka, maana majibu hayo ni kazi yangu. Miaka mitatu nimewajibu wachimbaji nikijua kwamba barua zao Royce hazisomi. Ile uliyomwandikia wewe, ukimwambia huwezi tena kupanda ngazi za nyumba yako, hakuiona kamwe. Jibu la kukutaka uvumilie, lililokufanya umkatae wakili mwingine hadi muda wa kudai fidia ukapita, nililiandika mimi. Hata sahihi yake ni mkono wangu. Nilijidanganya kwamba nakupa matumaini, kumbe nalinda kiti changu.

Leo asubuhi nimeacha kazi, na nakala za barua zote nimempa mwandishi wa gazeti. Jina langu limo, nimekataa lifutwe.

Jumatatu nitafika. Ukitaka kunifungia mlango, funga. Nitakaa barazani hadi umalize kunitukana, na ukiishiwa pumzi nitakusubiri upumzike, uendelee.

Msalimie wifi Opal, umsomee yote, usimfiche kitu.

Ni mimi dada yako,
Verna Stidham