Karatasi Niliyosema Nimeisoma

Mshauri, ninavyokuandikia hivi mkaangaji wetu amekaa nje juu ya gunia tupu ananusa vidole vyake, kimoja kimoja, halafu anatikisa kichwa, ameniuliza, "Mwanangu, hebu niambie, karanga zangu zinanuka au pua yangu ndiyo imezeeka?" nikamwambia hazinuki mama, basi, nikaingia ndani, maana kosa si la pua yake wala la karanga zake, kosa ni langu na sijamwambia mtu, naomba unisaidie.

Tunapaki unga wa karanga kwa shangazi yangu, chumba kimoja na stoo na ua, tuko wanne tu. Mkaangaji anakaanga na kusaga, dada wa lebo anapima na kubandika lebo, mimi nafunga mifuko kwa ile mashine ya kuchoma mdomo wa mfuko, na shangazi ndiye mwenye mali. Shule niliishia la nne na kuongea mbele ya watu siwezi, maneno yanakwama hapa kooni, ndiyo maana wananiita Bubu, dada wa lebo kila jioni ananiuliza, "Bubu, leo umesema maneno mangapi? Matatu? Basi kapumzike, umechoka."

Sasa shangazi akaleta mifuko mipya, mizito, ndani inang'aa kama bati, akasema ile nailoni nyembamba inatuaibisha madukani, hii itatunza unga miezi sita. Ndani ya katoni kulikuwa na karatasi ya maandishi madogo ya kigeni, akanipa, "Isome hiyo, ndiyo inasema mashine uiwekeje." Kesho yake akaniuliza mbele ya wote, umesoma? Nikasema nimesoma shangazi. Mshauri sikusoma, neno la kwanza tu lilinishinda, nikaikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza ili isitikisike, na mashine nikaiacha palepale kwenye moto namba nne nilipozoea.

Haikupita miezi miwili maduka mawili yakarudisha mzigo, unga unanuka mafuta yaliyochacha. Shangazi alionja akatema, akamgeukia mkaangaji mbele yetu sote, "Wewe mama, unanichanganyia karanga za zamani humu?" Yule mama ana miaka tisa pale, hakubishana, alisema labda sikuzikausha vizuri. Ameambiwa mwisho wake Jumamosi, shangazi anatafuta mkaangaji mwingine.

Mimi nikaanza kuangalia, kuangalia ndiyo kazi ninayoiweza. Nilichukua mifuko mitano ya stoo nikaizamisha kwenye beseni la maji nikaikandamiza, minne ikatoa mapovu kwenye kona. Nikaona mambo mawili. Mfuko mzito moto wa nne hauuwezi, unashika juujuu tu. Halafu tunavyomimina kwa kikombe vumbi la unga linabaki mdomoni mwa mfuko, lina mafuta, sasa pale panapotakiwa kushikana hapashikani. Wenzangu walipokwenda kula nikakata dumu la zamani nikatengeneza mrija mrefu unaofika katikati ya mfuko, unga unashukia chini na mdomo unabaki msafi. Moto nikaupandisha saba, mfuko ukaungua, nikashusha sita nikabana huku nahesabu mpaka tatu. Mifuko kumi niliizamisha, hakuna povu hata moja.

Tangu Jumatatu nafunga hivyo kimyakimya. Lakini stoo kuna katoni arobaini nilizofunga kwa namba nne na gari linazichukua kesho Ijumaa. Nikisema, shangazi atajua nilimdanganya, na yeye ndiye alinichukua wakati ndugu wote wanasema huyu hafai hata kulinda mlango. Nimewaza nizifungue kwa siri nizifunge upya, nimewaza niseme mashine iliharibika. Nifanyeje?

MSHAURI ANAJIBU

Kijana wangu, jibu hili nimekutumia kwenye simu leo hii, maana la gazetini lingekufikia yule mama ameshafungasha aproni yake.

Kushindwa na maandishi ya kigeni si kosa, wengi tungeshindwa. Kosa ni "nimesoma shangazi". Na kubwa kuliko hilo ni "hazinuki mama", halafu ukaingia ndani. Mtu mzima anajinusa vidole kwa ajili yako, wewe unajua ukweli wote, unampa nusu! Hapo umenikasirisha, sikufichi.

Huruma yangu unayo vilevile. Uliogopa kurudishwa kwa ndugu wanaokuona huna maana. Lakini mtu asiye na maana hakati dumu akatengeneza mrija.

Hiyo habari ya kufungua katoni kwa siri iache kabisa. Ukifanikiwa, unga utapona, mama atafukuzwa, na sifa atapewa mkaangaji mpya. Hilo la mashine kuharibika usilitaje tena hata kwangu.

Maneno yanakukwama, sawa, usiyategemee. Beba beseni. Liweke mezani kwa shangazi, mkaangaji awepo na dada wa lebo awepo, kwa sababu lawama zilitolewa mbele yake. Zamisha mfuko mmoja wa stoo, kandamiza, waache wayaone mapovu wenyewe. Zamisha wa jana, kandamiza. Ndipo useme, "Ule nilifunga vibaya. Karatasi sikuisoma, nilikudanganya. Mama hana kosa." Hayo tu. Mrija wako uje mwisho kabisa, ukianza nao utaonekana umekuja kutafuta pongezi.

Shangazi atapiga kelele. Mwache apige, wewe simama hapohapo. Akitulia mwombe mambo haya: katoni zisiondoke, kila mfuko ufunguliwe uonjwe, uliochacha utupwe, ulio mzima uhamishiwe mfuko mwingine. Pigeni alama ya rangi kwenye namba sita, na kila asubuhi mfuko wa kwanza uzamishwe kwenye maji kabla hamjafunga wa pili. Na hiyo karatasi itoe chini ya meza, mtafute wa kuwasomea, huenda ina jambo ambalo beseni lako halijui. Siku hiyo ukae karibu na msomaji, uanze kujifunza na wewe.

Fanya kabla gari halijafika. Likishaondoka, usiniandikie tena kuniomba huruma.

ASUBUHI ILIYOFUATA ALINIANDIKIA HIVI

Mshauri, nimesoma mara tatu, na hii nimesoma kweli. Jana sikuweza kungoja, nilimfuata mkaangaji akiwa anapepeta nikamwambia peke yake kwanza, akaweka ungo chini, akavuta pumzi kwa nguvu akasema, "Kumbe pua yangu nzima!" Akanipiga kofi la bega, lile la kuuma, akasema, "Kesho nitasimama karibu yako, lakini sikusemei. Siku zote hizi nimejinusa mwenyewe, na wewe kajisemee mwenyewe."

Meza inatikisika kwa sababu karatasi nimeitoa, iko mfukoni mwa shati. Beseni nimelijaza, mifuko miwili nimeitayarisha, mkaangaji ameshakuja na aproni yake. Dada wa lebo ameniona nabeba maji akauliza, "Bubu, unaoga kazini siku hizi?" nikamjibu, "Kaa hapo utaona." Akamwita mkaangaji, "Mama, Bubu leo ameshamaliza maneno yake matatu na chai bado!" Bado nina mengine, hajui tu.

Beseni halijamwagika. Naacha hapa mshauri, gari limepiga honi uani na shangazi anatafuta ufunguo wa stoo, lazima nifike mlangoni kabla yake.