Maandiko Kwenye Majani ya Maharagwe

Mpendwa Mama,

Nakusihi, soma barua hii peke yako, na hata neno moja lisitoke. Usimsomee jirani, hata kama aliondoka huku pamoja nawe. Ukimaliza, itie motoni.

Tangu mlipofukuzwa huku, treni ikakuchukua wewe na watu wengine wa Kasai, naishi kwa shangazi, huku mtaani Kikula. Hapa wananijua kwa jina la Baba, mtu wa hapa, na kwa kazi yangu ya ukarani; hawajui ulikotoka wewe. Naenda ofisini, naandika, narudi. Nimechoka, Mama, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Unakumbuka msimu wetu wa mwisho, uliponiita shambani nyuma ya nyumba? Uliinua jani la maharagwe kuelekea jua, nikaona ndani yake funza mdogo wa manjano, akiacha njia nyeupe iliyopindapinda kila alikopita. Alikuwa mdudu mgeni, hata wewe hukuwahi kumwona. "Iko sawa na karani," ukanitania. "Inakulaka mu kati, ku inje banaona tu maandiko." Nilinuna. Siku hizi nacheka peke yangu.

Mwaka huu mvua zilichelewa, joto likakataa kuondoka, na mdudu yule akaenea mashamba yote. Jumapili, baada ya Misa, wanawake walikusanyika kwenye matuta ya shangazi. Jirani yetu, Mama Odette, akaonyesha michirizi ile kama uchawi, akapaza sauti:

"Angalieni! Bale benye balienda na treni banatuandikia njala! Tung'oe yote. Na mwenye iko na ndugu kule, atokee!"

Shangazi hana chakula kingine. Nilipasua jani kwa ukucha, nikamweka funza kiganjani.

"Ni mududu, mama. Tutoe majani yenye iliharibika, tuchome. Maharagwe itapona."

Mmoja akacheka: "Eh, karani wa badudu!"

Mama Odette hakucheka. "Nani alikufundishaka?"

"Mama yangu," nilisema, kabla ya kufikiri.

"Mama yako iko wapi?"

Shangazi ndiye aliyejibu: "Alikufaka."

Mama Odette alinikumbatia. Walinipa pole wote, mmoja baada ya mwingine, nami nikapokea. Nililia kweli, Mama, nao wakaamini wanajua kwa nini. Maharagwe hayakung'olewa. Jioni walituletea unga, shangazi akausonga. Nilikula bukari ya msiba wako, nawe u hai.

Sijui kama jambo kama hili huombewa msamaha. Naomba tu ule vizuri, ujifunike, uzidi kuishi.

Ukitaka kunijibu, usipitie posta. Mpe barua sista yule mzee anayesafiri na dawa kati ya huko na huku. Amkabidhi shangazi mkononi, sokoni, kamwe si nyumbani. Juu ya bahasha andika jina la shangazi. Ndani usiandike "mwanangu". Anza na "mdogo wangu", na mwishoni useme wewe ni dada yangu. Hapa sina tena mama wa kuniandikia.

Mwanao