Shoka la Mtoto wa Kwanza

Jumatatu, 7 Aprili
Nimefunga vyombo kwa magazeti. Zimebaki sufuria mbili. Baba amestaafu kiwandani, na nyumba ya kampuni lazima tuirudishe tarehe 19. Kiwanja chetu kiko Soin. Kesho tunaanza kujenga.

Dani, nyanya yangu, amepiga simu kutoka ziwani. Kwa desturi yetu mwenye boma huingia kiwanjani na jogoo, mke na moto, mtoto wa kiume wa kwanza na shoka. Mimi ni mtoto wa pekee, tena msichana. Dani anataka tuazime binamu. Baba amekataa. "Nina mtoto," alisema.

Jumanne, 8 Aprili
Nimebeba shoka. Zito kuliko nilivyodhani. Fundi mmoja alicheka: "Mzee, kijana wako anavaa sketi?"

Dani aliniambia jambo kwa simu, mimi peke yangu. Shoka likibebwa na asiyefaa, mwenye boma hakai. Hakai maana yake anakufa. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 10 Aprili
Kuta za mbao zimesimama. Jogoo hajawika tangu tumlete. Kila asubuhi nasikiliza, nikiyakumbuka maneno ya Dani.

Ijumaa, 11 Aprili
Baba ameanguka kutoka juu ya paa. Mvua ya saa nane ilianza, akapanda kuwasaidia mafundi kumalizia mabati. Hakuongea njia nzima hadi hospitali, Kericho. Ni mimi. Ni mimi.

Jumamosi, 12 Aprili
Mwalimu wetu wa sayansi angesema mabati yalikuwa yamelowa. Najua. Bado naogopa. Nimeficha shoka chini ya magunia. Kisha nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Jumatatu, 14 Aprili
Baba ameongea! Mguu umevunjika, na mbavu mbili. Kwanza aliuliza kama mabati yametosha. Nikamwambia yote, hata ya Dani. Akaniuliza:

"Nilipanda na ndara kwa mvua, Atieno. Ni shoka lililonivalisha?"

Mama alicheka hadi akalia. Mimi sikuweza.

Jumamosi, 19 Aprili
Tumehamia. Baba amelala, mguu una plasta. Dani amefika. Alitazama paa, akamtazama Baba, akauliza shoka liko wapi. Nikalitoa chini ya magunia. Akagusa makali kwa kidole.

"Linaanza kushika kutu. Nipasulie kuni."

Nimepasua hadi chai ikachemka. Jogoo anazunguka uani. Bado hajawika.